Tumbo la Kiboko

Kiboko alianza kuvuma siku moja kabla ya lori kuja kumchukua.

Aliyemsikia kwanza ni Mama Sindano. Alikuwa ametoka kwenda uani asubuhi na kopo la rangi ya viatu mkononi na kitambaa begani, ampitishie kiboko wake brashi ya mwisho. Akavuta turubai, akainama, akasita. Ndani ya yule mnyama wa nondo na viatu vikuukuu, mnyama aliyejaza ua hata kamba ya kuanikia nguo ikabidi ihamishwe, kulikuwa na sauti. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama friji ya jirani unapoisikia kupitia ukutani. Akatega sikio penye bega, juu ya buti la mlinzi, na papo hapo nyuki mmoja akachomoza kwenye tundu la pua, akatua kwenye kiatu cha harusi kilichofanywa kope, akajipangusa uso, akaruka zake.

"Fundi!" aliita, sauti chini. "Njoo. Njoo polepole."

Mumewe alitoka na mswaki mdomoni. Mtaa mzima unamwita Fundi Soli, kwa sababu ndiye anayetubandikia soli, na mkewe tukamwita Mama Sindano, kwa sababu kila Fundi anachobandika, mkewe hukishona. Wana kibanda cha viatu mbele ya nyumba, na mama mzazi wa Fundi, ambaye wote tunamwita Bibi, hukaa mlangoni siku nzima akihukumu miguu ya wapita njia. Niseme mapema msije mkashangaa baadaye: mimi watu hawa nawahusudu. Nitajitahidi kusema na mabaya yao, lakini sikuahidi kusema mengi.

"Kuna nini?"

"Sikiliza."

Fundi Soli si mtu wa kusikiliza, ni mtu wa kutazama. Akapeleka uso kwenye pua ya kiboko, mswaki ungali mdomoni, povu la dawa ya meno likimshuka kidevuni, akapumua humo kwa nguvu kama mtu anayewasha moto. Kilichofuata ni mswaki kuruka juu ya paa na Fundi kuzunguka ua mbio, mdomo kaushika kwa mikono miwili.

"Nilisema mimi," Bibi alisema kutoka mlangoni, wala hakuinuka. "Nilisema mnajaza takataka uani, watakuja wadudu. Nikaambiwa hii ni sanaa."

* * *

Nisiwachoshe na historia. Mvua kubwa zilipokwisha, mto unaopita nyuma ya mtaa uliacha viatu kwenye kalvati la chini ya barabara, rundo zima, limefunga maji yasipite. Mto hautengenezi viatu, vilikuwa vyetu. Wazee wanasema pale pale ndipo viboko walipokuwa wakipandia kuja kula mboga za watu, mpaka watu wakachoka, bunduki zikaletwa, habari ya viboko ikaisha. Hakuna aliyewalilia. Na mtu aliyeamka akakuta bustani yake yote imelala chini, mimi nitamlaumu vipi? Mama Sindano alisimama juu ya kalvati akitazama vile viatu, akarudi nyumbani akamwambia mumewe, "Mto ulikuwa na wanyama, tumeujaza viatu. Tushone mnyama mmoja tuurudishie."

"Mnyama gani?"

"Kiboko."

Mume mwingine angecheka. Fundi Soli aliuliza, "Mkubwa kiasi gani?" Hapo ndipo nilipompendea.

Mtaa ukaingia kazini. Mchomeleaji wa nyumba ya pili alikunja nondo zikawa mbavu. Muuguzi akaleta raba zake nyeupe, mlinzi akaleta buti, na dada mmoja aliyeachika akaleta viatu vyake vya harusi, akasema hataki tena kuviona kabatini. Fundi alipanga viatu kwa nje, akavibandika kwa gundi, ngozi juu ya ngozi, mpaka mgongo ukapata mikunjo ya mnyama aliyetoka majini sasa hivi. Ukimtazama unaona haya kidogo. Ile ngozi ilivuliwa mnyama ili sisi tutembee, sasa imerudi kuwa mnyama, na mnyama anakutazama miguuni. Watu walikuja, wakazunguka, wakasifu.

Kazi ya ndani haikuonwa na mtu. Gundi peke yake haiwezi kushika kiatu kilicholala mtoni, kwa hiyo Mama Sindano aliingia tumboni mwa kiboko, akalala chali na tochi kichwani kama mchimba madini, akashona kila kiatu kwa mwenzake kwa ile sindano nene ya mafundi wa ngozi. Fundi ni mnene, asingepita. Na kwa kuwa Mama Sindano ni adui wa maji, uzi wake hakuupitisha kwenye nta mara moja kama wafanyavyo mafundi wengine. Aliyeyusha nta ya nyuki sufuriani, akauchovya uzi, akaukausha, akauchovya tena, na baada ya kushona akapaka nta juu ya kila mshono kwa kidole gumba, ukuta hadi ukuta, ili unyevu usipate pa kuingilia. Alipomaliza akatoka kinyumenyume, akafunga tumbo upande mmoja, chini ya ubavu, kwa mshono mmoja mrefu kutoka kifuani hadi mkiani, akaenda kuoga.

Jumba la Sanaa la mjini lilikuwa linaandaa maonyesho ya kazi zinazouliza binadamu na pori wamefikishana wapi, na habari za kiboko zikafika huko. Akaja Mratibu, kijana nadhifu mwenye sauti ya redioni, pamoja na mpiga picha. "Msanii asimame hapa, tafadhali," alisema. Fundi akasimama. Mama Sindano akajifuta mikono, akaja kusimama kando ya mumewe.

"Mama, samahani kidogo," Mratibu alisema kwa upole kabisa, "unaingia kwenye picha."

Akatoka kwenye picha. Kisha Mratibu akauliza kama wanaweza kupata maji ya kunywa, na aliyeyaleta ni yeye, kwenye trei. Fundi alikuwa anacheka na kamera. Jioni hiyo sahani ilitua mezani mbele ya Fundi kwa kishindo, na Fundi akala huku akijiuliza kosa lake ni lipi. Mwanaume mzima, akili anazo, hakulipata.

Basi mjue Mama Sindano alikuwa anataka nini katika siku ile ya maonyesho. Hakutaka kupigiwa makofi. Alitaka asimame kando ya kiboko mbele za watu, na mtu mmoja, hata mmoja tu, amuulize: hapa umeshonaje? Alikuwa na jibu lake tayari. Alilirudia kimoyomoyo akifua, akifagia, akitia uzi kwenye sindano.

* * *

Mdomo wa juu wa Fundi ulivimba ukawa kama andazi, kwa hiyo aliyepiga simu Jumba la Sanaa ni mkewe. Aliweka sauti ya juu wote wasikie.

"Naomba niongee na msanii," Mratibu alisema.

"Kaumwa na nyuki. Hawezi kuongea."

"Pole yake. Nyuki wako wapi?"

"Tumboni mwa kiboko."

"Wengi?"

"Anavuma."

"Basi mwambie apulize dawa. Mama, mwambie hivi, usisahau: lori linakuja asubuhi saa mbili, mgeni rasmi anafika mchana, na ukumbi hauwezi kupokea nyuki walio hai."

"Na waliokufa?"

"Waliokufa mnawafagia tu."

Simu ikakatika. Fundi alikuwa ameshafika rafuni, amerudi na kopo la dawa ya wadudu, analitikisa. Mama Sindano akasimama mbele ya pua ya kiboko, mikono kiunoni.

"Unafanya nini?"

"Si umesikia?" Maneno yalikuwa yakimtoka upande mmoja. "Lori kesho. Napuliza, kesho asubuhi tunafagia, tunaondoka."

"Fundi, tumemshona huyu ili tuseme nini? Si tuseme tuliwamaliza? Sasa ili tukaseme tuliwamaliza, tumalize na hawa?"

"Hawa ni nyuki, mke wangu! Wale walikuwa viboko!"

"Na wale waliowapiga bunduki walisema ni viboko tu."

"Wameniuma mdomo!"

"Umewapumulia dawa ya meno usoni. Hata mimi ningekuuma."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Lakini si wote waliocheka. Mama muuza mkaa, ambaye ukuta wake ndio ukuta wao, alikuwa ameingia uani, amejifunika khanga kichwani macho tu yanaonekana. Yeye nyuki hakuwaona mchezo. "Nina mjukuu hajaanza hata kutembea," alisema. "Nyuki wakimvamia nitamwambia nini mwanangu? Sanaa yenu sijaikataa, viatu nimetoa. Lakini niambieni, mnawatoa au hamuwatoi? Kama hamuwatoi nawasha moto mimi mwenyewe."

Na alikuwa na haki. Mama Sindano alijua hivyo. Nyuki wamewahi kuua mtu, wamewahi kuua ng'ombe kamba shingoni. Alimtazama jirani yake, akamtazama mumewe na lile kopo, akashusha mikono.

"Nipeni mpaka jioni," alisema. "Nta ni yao. Nimeipaka kila mahali kwa kidole changu, wamesikia harufu ya kwao wakaja. Mimi ndiye niliyewaita. Siwezi kumwita mtu nyumbani kwangu halafu nimpulizie sumu."

"Mtu!" Fundi alisema, akaliweka kopo chini.

* * *

Aliyemuuzia Mama Sindano nta ni kinyozi wa kona ya pili, mtu wa maneno mengi ambaye mchana hunyoa vichwa na siku za mapumziko hufuga nyuki kwenye shamba la mama yake. Alipoitwa aliacha mteja nusu kichwa, akaja. Akanusa pua ya kiboko kwa mbali, akatega sikio, akamgeukia Mama Sindano macho yamemtoka.

"Mama, ile nta yote niliyokuuzia iko humu?"

"Yote."

"Kuta zote?"

"Maji yasiingie."

Kinyozi aliketi kwenye ndoo akacheka kwa uchungu. "Mimi mizinga yangu naipaka nta mlangoni, naibembeleza mwaka mzima, nyuki wananipita kama hawanijui. Wewe umewajengea jumba! Giza, kavu, mlango mdogo, harufu ya kwao chumba kizima. Ningekuwa nyuki ningehamia na mimi."

"Watatoka?"

"Kwa hiari? Wafuate nini nje?" Akaacha utani. "Sikilizeni. Hawa bado wageni, hawana watoto wala asali ya kulinda, ndiyo maana Fundi bado yuko hai. Wakikaa, wakazaa, mtaa huu utahama. Lazima watoke leo jua likizama, wakiwa wamerudi wote ndani. Na hawatoki kwa pua. Lazima tufungue, nimpate malkia nimtie kwenye sanduku, wengine watamfuata. Sasa amueni tufungue wapi, mgongoni au tumboni."

Mgongo ulikuwa kazi ya Fundi. Kilikuwa ndicho kitu ambacho Mratibu alikipiga picha kila upande. Fundi alitazama ile mikunjo yake, akasema, "Kata mgongo. Mimi nitabandika upya."

"Hutawahi," mkewe alisema. "Gundi haikauki kwa usiku mmoja. Fungueni tumbo."

"Mshono wako wote ule?"

"Ndiyo huo. Na hakuna atakayeukata. Nitaufumua mwenyewe, kwa sababu mkasi utatikisa, na wakitikiswa tutakimbia wote hapa."

Kinyozi alimtazama kwa heshima ambayo sijamwona akimpa mteja yeyote. "Hasa," alisema.

Jua lilipoinama alimvalisha Mama Sindano shuka lake la kunyolea na pazia la wavu kichwani, akamfunga mikono ya gauni kwa lastiki. Mama muuza mkaa alileta jiko lake mwenyewe, akaweka vitambaa vikavu juu ya makaa, akawa anapepea moshi kuelekea tumboni huku akilalamika kwamba wazimu wa nyumba hii utamuua na macho. Lakini aliupepea vizuri, taratibu, bila kuacha. Mjukuu alikuwa amefungiwa ndani na dirisha limezibwa kwa mto. Mchomeleaji alishika sanduku. Fundi alishika tochi.

Mama Sindano akalala chini ya kiboko, akaanza kufumua. Msifikiri ni kazi ya kuvuta uzi. Alitia ncha ya wembe chini ya pigo moja la sindano, akalikata, akalivuta pole, akahamia la pili. Nta ilishika uzi kama simenti, kwa sababu ndivyo alivyotaka ishike. Kila pigo alilolifumua alilikumbuka: hapa nilikuwa na homa, hapa Fundi aliniimbia ili nisilale. Nyuki mmoja aliingia chini ya pazia, akamtembelea shavuni, akamuuma karibu na sikio. Hakupiga kelele. Mwingine akamuuma kwenye kidole gumba, kile kile cha kupakia nta, naye akasema tu, "Haya, haya, nasikia," akaendelea kufumua.

Tumbo likaachia. Kinyozi akaingiza mkono hadi bega, akachota nyuki kama mtu anayechota mchele, akawamwaga sandukuni, mara ya pili, mara ya tatu, kisha akatulia. "Malkia huyu hapa," alinong'ona. Tukaona, kweli, waliobaki wanatiririka kumfuata, wanapanda ukingo wa sanduku kwa utaratibu. Masega mapya aliyakata akayatia humo pia. Alibakiza moja, dogo kama kiganja cha mtoto, jeupe pee, kwa sababu lilijengwa juu ya mshono wa ndani, pale uzi ulipoishia ukingoni mwa tumbo, na angelikata angekata na uzi.

Wakati wote huo Fundi Soli alikuwa amepiga magoti na tochi yake. Sanduku lilipofungwa na watu wakaanza kupumua, yeye hakuinuka. Aliingiza kichwa tumboni, akamulika juu. Hakuwahi kuona ndani ya kiboko. Alijua mkewe anashona, ndiyo. Alidhani ni mishono, basi, ya kushikilia. Sasa aliona uzi umefuata kila ubavu, umegawanyika, umekutana tena, umezunguka kila kiatu na kwenda kwa kinachofuata, kutoka koo hadi mkia, unang'aa kwa nta. Ilikuwa mishipa. Mkewe alikuwa amemtia mnyama mishipa, kisha akafunga mlango.

Sisi tulioko nje tukadhani kaumwa tena.

"Hukuniambia," alisema alipotoa kichwa.

"Hukuuliza," mkewe alisema, akavua pazia.

* * *

Asubuhi Mratibu alishuka kwenye lori, akazunguka kiboko, akafika ubavuni, akashika kichwa.

"Nini hii? Tumbo limepasuka!"

"Halikupasuka, limefunguliwa," Mama Sindano alisema. Shavu lake moja lilikuwa limevimba, limefunga jicho nusu.

"Lishoneni haraka."

"Haraka halishoneki. Na ukingoni kuna sega, sitalichoma sindano."

Mratibu alitazama saa, akatazama lori, akatazama wale wawili waliovimba nyuso. Akapumua. "Sawa. Tutamgeuzia ukutani. Upande mzuri utazame watu, na mbele tutaweka kamba."

Mimi nilimwona Mama Sindano: alipiga moyo konde, akaenda kuvaa gauni lake la bluu. Njiani ndani ya lori, na wanaume wa mtaa wamekaa kumzunguka kiboko asiyumbe, Fundi alimwambia kitu sikioni, naye akatikisa kichwa, akasema, "Acha. Waone mgongo wako. Mgongo ni mzuri." Na hilo alilisema kwa moyo mweupe. Ndiyo maana nasema ninawahusudu.

Ukumbi ulikuwa mkubwa, una sakafu inayoteleza na watu wanaoongea kwa kunong'ona kama wako hospitalini. Kulikuwa na kazi nyingine pia, picha za misitu, ndege wa chupa, na nzuri zilikuwepo. Lakini watu walikusanyika kwa kiboko. Alisimama nyuma ya kamba, tumbo limeelekea ukutani, mgongo wote kwa watu, na jicho lake la visigino linatazama viatu vya wageni mmoja mmoja. Wageni wakawa wanaficha miguu bila kujua kwa nini.

"Kamba ya nini?" Bibi aliuliza kwa sauti ambayo ukumbi ule haukuizoea. "Atatoroka?"

Mgeni rasmi alikuwa mama mrefu mwenye miwani, mpole, anayesikiliza kichwa kimeinama. Mratibu akashika kipaza sauti. Akaeleza jinsi msanii wetu, peke yake, katika kibanda chake, alivyopambana na mabaki ya mto. Fundi alisimama kando yake ndani ya suti iliyombana, mdomo bado umetangulia uso. Mama Sindano alikuwa nyuma, karibu na meza ya vinywaji, kwa sababu huko ndiko umati ulikomsukumia.

Bwana mmoja mwenye tai akamaliza juisi yake. Akageuka, akaona mwanamke wa gauni la bluu amesimama kando ya meza, akamkabidhi glasi tupu. Wala hakumtazama. Na Mama Sindano, kwa mazoea ya mikono ambayo maisha yake yote imepokea vitu vya watu, akaipokea.

Fundi aliona. Kutoka mbele, juu ya vichwa vyote, aliona ile glasi ikitua mkononi mwa mkewe. Ile sahani iliyotua kwa kishindo, nadhani ndipo alipoielewa.

Akaruka kamba. Suti ikaachia mshono mgongoni, tukasikia. "Jamani, njooni!" aliwaita wanaume wa mtaa. "Shikeni. Tumgeuze."

"Samahani, hotuba haija..." Mratibu alianza.

Mchomeleaji alikuwa ameshashika miguu ya mbele, kinyozi ya nyuma. Kiboko alipiga kelele sakafuni, akazunguka taratibu kama mnyama mkubwa anayejigeuza usingizini, mpaka tumbo wazi likawaelekea watu. Fundi akalala chali pale sakafuni, na suti yake, mbele ya mgeni rasmi, akaingiza kichwa tumboni na kunyoosha mkono juu.

"Tazameni huku," alisema. Mdomo ukamkwamisha. Akarudia, kwa nguvu zaidi. "Tazameni huku! Mimi nimebandika huko nje tu. Kazi hii ilianza kwa mke wangu, na hii hapa ameshona mke wangu. Ilikuwa imefungwa, hata mimi sikuijua mpaka jana. Mke wangu yule pale!"

Watu waligeuka wote. Mama Sindano alikuwa amesimama na glasi tupu ya mtu mkononi, shavu limevimba. Aliona aibu, akaona na furaha, zikamjia kwa pamoja akashindwa aanze na ipi.

"Inuka, Fundi," alisema. "Unachafua suti."

Watu wakacheka, lakini mgeni rasmi hakucheka. Alikuwa ameshavua miwani, ameshapiga magoti kwenye sakafu ile ya kuteleza, na kichwa chake kimezama tumboni mwa kiboko. Alikaa humo mpaka minong'ono ikaisha. Sauti yake ilitoka ndani, ikiwa nzito.

"Mama, njoo. Hapa umeshonaje?"

Umati ulimpisha. Mama Sindano akapita katikati, na alipofika mbele akaona mikono yake haina nafasi, akampa Mratibu ile glasi. Mratibu akaipokea. Mama Sindano akapiga magoti kando ya mgeni rasmi, bega kwa bega, akaingiza kichwa naye. Akaeleza. Lile jibu alilolirudia kimoyomoyo siku zote lilipotea lote, akasema jingine, la kawaida tu: uzi umeanzia kooni, hapa umegawanyika, hapa nilikosea nikarudi. Mgeni rasmi aliuliza tena, akauliza tena. Wengine nyuma yao wakaanza kupiga magoti, mmoja baada ya mwingine, wakisubiri zamu.

"Na hapa?" mgeni rasmi aliuliza. Kidole chake kilikuwa karibu na lile sega jeupe, hakikuligusa. "Hapa juu ya uzi, hivi vyumba vidogo. Hivi navyo umevifanyaje?"

"Hivyo si vyangu," Mama Sindano alisema. "Mimi niliishia hapo. Kuanzia hapo wameendelea wao."